Amana ya Mkulima wa Hombolo Isiwe Mtaji wa Kulangua Dola

HOMBOLO: Msimu wa zabibu ukimalizika, fedha za hapa husafiri mbali kuliko zabibu zenyewe. Mkulima wa kandokando ya bwawa lililojengwa mwaka 1957 huvuna mara mbili kwa mwaka, mara moja kati ya Februari na Machi na mara ya pili kati ya Agosti na Septemba. Kiwanda cha mvinyo kikishapima na kulipa, malipo huingia katika akaunti ya chama cha msingi au ya mkulima mwenyewe, na kuanzia hapo mwenye akaunti hana habari nazo tena. Anajua tu kwamba ziko benki. Huko benki nani kazikopa, zimegeuzwa dola au zimenunua hatifungani, hayo amezoea kuambiwa kwamba si kazi yake kuyajua.

Safu ya wiki hii inasema ni kazi yake, na ni kazi ya mchuuzi wa Majengo, ya mnunuzi wa alizeti wa Kibaigwa na ya kila mwekezaji mdogo anayesoma ukurasa huu.

Katika masoko ya fedha duniani ipo hoja moja isiyozeeka. Inasema benki zipewe uhuru zaidi wa kufanya biashara kwa faida yao wenyewe, yaani kununua na kuuza fedha za kigeni, hatifungani na mikataba ya bei za baadaye, bila kubanwa na ukomo uliowekwa na msimamizi. Marekani hoja hiyo imekwisha kushinda zaidi ya mara moja. Huku kwetu huibuka kila dola inapoadimika, kama ilivyoadimika mwaka 2023 na 2024: ukomo ulegezwe, benki zishike dola za kutosha, soko lipumue. Hoja ina chembe ya ukweli, nasi tutaifikia. Lakini kwa maoni yetu isikubaliwe maadamu fedha inayowekwa mezani ni amana yenye bima, na bima yenyewe inachangiwa kwa kiwango kile kile na benki makini na benki mcheza kamari.

Kwanza tuelewane juu ya ukomo wenyewe. Kila jioni benki inapofunga hesabu huwa na dola inazozimiliki na dola inazodaiwa. Tofauti kati ya mafungu hayo mawili ndiyo nafasi iliyo wazi. Ikiwa benki ina dola nyingi kuliko inazodaiwa, shilingi ikishuka inapata faida, shilingi ikipanda inapata hasara. Benki Kuu haikatazi nafasi hiyo, maana benki haiwezi kumhudumia mwagizaji wa mabati wala msafirishaji wa korosho bila kushika dola kidogo mkononi. Inachofanya ni kuiwekea kipimo kwa kuilinganisha na mtaji wa wenye hisa. Kipimo hakilinganishwi na amana hata kidogo, na hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Benki ikitaka kubahatisha, ibahatishe kwa kadiri ya fedha ya wenye benki.

Msomaji wa Dodoma hahitaji kwenda chuo cha biashara kuelewa sababu yake. Afikirie ghala. Watu mia mbili wameweka mtama wao kwa mtunza ghala mmoja, naye anajua kwamba kwa kawaida bei hupanda Januari na kushuka wakati wa mavuno. Januari anauza magunia ya watu kimya kimya, akitarajia kuyanunua tena Juni kwa bei ya chini, kurudisha kila kitu mahali pake na kubaki na tofauti. Miaka mitatu mvua ikinyesha vizuri mpango unafaulu na anaitwa mjanja. Mwaka wa nne mvua inakatika Februari, jambo ambalo kwa nyanda hizi za kati si ajabu hata kidogo, na Juni bei iko juu kuliko Januari. Magunia hayapo na fedha ya kuyanunulia haitoshi. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, mtunza ghala mwenye leseni anayefanya hivyo amevunja sheria. Mwenye benki akifanya jambo linalofanana na hilo ndani ya ukomo, anafanya biashara halali. Tofauti ipo, kwa kuwa fedha si magunia na benki inaruhusiwa kutumia amana. Lakini tofauti hiyo inashikiliwa na uzi mmoja tu, nao ni ukomo.

Sasa tuweke tarakimu, kwa mfano wa benki ya kubuni yenye mtaji wa shilingi bilioni 20 na amana za shilingi bilioni 200. Katikati ya mwaka 2024 dola ilikaribia shilingi 2,700. Chukulia kwamba benki hiyo haina ukomo wowote, na wakuu wake wanaamini shilingi itaendelea kuporomoka, kama wengi walivyoamini siku zile. Wanachukua shilingi bilioni 60 za amana na kununua dola kwa 2,700. Wanapata dola milioni 22 na ushei. Kufikia Desemba mwaka huo huo shilingi ilikuwa imepanda na dola ikauzwa karibu na 2,400. Dola zile zile sasa zina thamani ya shilingi bilioni 53.3. Hasara ni bilioni 6.7, theluthi nzima ya mtaji, kwa miezi michache na bila mkopaji hata mmoja kukwama.

Benki hiyo hiyo ikibanwa kwa ukomo wa asilimia 10 ya mtaji, isingeweza kuacha wazi zaidi ya bilioni 2. Kwa mwenendo ule ule wa bei ingepoteza shilingi milioni 222. Inauma, meneja wa dawati la fedha za kigeni angeitwa kujieleza, lakini mkulima wa Hombolo asingejua kama kulitokea jambo.

Sasa tuje kwenye bima. Bima ya amana ilitungiwa sheria mwaka 1991, ile ile iliyofungua milango kwa benki za binafsi baada ya takriban robo karne tangu benki zitaifishwe kufuatia Azimio la Arusha la Februari 1967. Bodi ya Bima ya Amana ilianza kazi mwaka 1994, na haikukaa muda mrefu kabla ya mtikisiko wa kwanza kubisha hodi. Mwaka 1995 mtandao wa benki za Meridien BIAO, uliotapakaa katika nchi nyingi za Afrika, ulianguka, na benki yake ya Tanzania ikaingia mikononi mwa Benki Kuu kabla ya kuchukuliwa na Stanbic. Tangu hapo tumezika benki kadhaa. Mei 2017 ilifungwa benki ya wananchi ya Mbinga. Januari 2018 zikafungwa tano kwa mpigo: Covenant, Efatha, Njombe, Meru na benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Agosti 2018 Bank M ikawekwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na mwaka uliofuata mali na madeni yake yakahamishiwa Azania.

Lazima tuseme kweli hapa, kwa sababu wapinzani wa hoja yetu wataisema. Zile benki tano za Januari 2018 hazikuuawa na kamari ya dola. Ziliuawa na upungufu wa mtaji, na mtaji ulikuwa umetafunwa hasa na mikopo isiyolipika. Mwenye kutaka ukomo ulegezwe atauliza: mbona mnatuzuia tusifanye biashara ya fedha za kigeni wakati benki zenu zinakufa kwa mikopo ya kawaida? Jibu ni kwamba ndiyo sababu yenyewe. Benki ambayo mtaji wake ni mwembamba kiasi cha kuzimwa na mikopo mibaya haina kifua cha kubeba kamari juu ya mikopo hiyo. Tena, atakayevutwa zaidi na kamari ni mkurugenzi wa benki iliyokwisha kuyumba. Akishinda anaokoka, akishindwa alikuwa anakufa hata hivyo, na bili inakwenda kwa mfuko wa bima.

Mfuko huo unachangiwa na benki zenyewe. Kiwango kilichojulikana kwa miaka mingi ni asilimia 0.15 ya amana kwa mwaka. Kwa benki yetu ya mfano yenye amana za bilioni 200, huo ni mchango wa shilingi milioni 300. Hasara ya bilioni 6.7 tuliyoihesabu hapo juu ni sawa na michango yake ya miaka 22. Na katika mfumo wa kiwango kimoja, benki inayokopesha kwa uangalifu wafugaji wa Kongwa inalipa senti zile zile na benki iliyogeuza amana kuwa dola usiku wa manane. Tuliosoma biashara tulifundishwa kwamba mwenye nyumba ya makuti hulipa bima ya moto zaidi kuliko mwenye nyumba ya saruji. Bima ya kiwango kimoja huwatoza wote sawa, kisha mwenye makuti anaomba na kibali cha kuwasha jiko ndani.

Mwaka 2023 jambo hili liliongezeka uzito. Kiwango cha juu cha fidia, kilichokuwa shilingi 1,500,000 tangu mwaka 2010, kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000 kwa mteja mmoja katika benki moja. Tulilipongeza na tunalipongeza. Mkulima mwenye ekari moja ya zabibu sasa anaweza kulala. Lakini kila hatua ya kupanua bima inampunguzia mwenye amana sababu ya kuiuliza benki yake maswali, na kazi ya kuuliza inabaki kwa msimamizi peke yake. Ukipanua bima huku unalegeza ukomo, umeondoa macho mawili kwa siku moja. Ukipanua bima na kuuacha ukomo ulivyo, umebakiza jicho moja, na hilo linatosha kuongoza njia.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji wetu wa vijijini tunaona hawaambiwi vya kutosha. Fidia ni kwa mteja, wala si kwa kila kichwa kilicho nyuma ya mteja. Chama cha msingi cha wakulima wa zabibu chenye usajili wake na akaunti yake ni mteja mmoja. Kikiwa na shilingi milioni 60 za wanachama 150 zikisubiri mgawo, na benki ikafungwa Ijumaa jioni, kinachofidiwa na bima ni milioni 7.5. Zilizobaki milioni 52.5 zinaingia katika foleni ya ufilisi, kusubiri mali za benki ziuzwe na madeni yakusanywe. Wateja wakubwa wa benki zilizofungwa 2017 na 2018 wanaijua foleni hiyo. Gawanya milioni 7.5 kwa wanachama 150 upate 50,000 kwa kila mmoja, wakati kila mmoja wao kama angekuwa na akaunti yake yenye shilingi 400,000 angefidiwa zote. Vikundi vya kuweka na kukopa vyenye akaunti moja ya pamoja benki navyo viko katika hali hiyo hiyo. Na walioweka akiba SACCOS wajue kwamba bima hii haiwafikii kabisa, kwa kuwa SACCOS si mwanachama wa mfuko.

Kwa hiyo anayesema kulegeza ukomo hakumdhuru mnyonge kwa kuwa mnyonge ana bima, hajawahi kuhudhuria mkutano wa ushirika.

Tutoke nje kidogo ya mipaka. Mfano ulio karibu kuliko yote ni Kenya mwaka 2011. Mwanzoni mwa mwaka ule dola moja ilinunuliwa kwa shilingi za Kenya 80 hivi. Oktoba ikafika karibu 107. Sababu zilikuwepo za kutosha bila ya kutafuta mchawi: ukame ulikuwa mkali, mafuta yalikuwa ghali, Ulaya ilikuwa katika msukosuko wa madeni. Lakini kulikuwa na sababu nyingine. Riba ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa chini mno, asilimia 6.25 kufikia katikati ya mwaka, wakati mfumuko wa bei ulikuwa umeipita mbali. Benki iliyokopa shilingi kwa bei hiyo na kununua dola ilihitaji tu kukaa na kusubiri. Kila iliyofanya hivyo iliisukuma shilingi chini zaidi, na kila shilingi iliposhuka wengine wakavutwa kufanya vivyo hivyo. Kamati Teule ya Bunge la Kenya iliyochunguza kuporomoka kule ilizinyooshea kidole baadhi ya benki na kumlaumu Gavana. Upande wa Benki Kuu ulishikilia kwamba chanzo kilikuwa nje ya nchi. Sisi tunadhani pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, ila kilicho muhimu kwa mfanyabiashara ni nani alilipa.

Alilipa mkopaji. Benki Kuu ilipoamka ilipandisha riba kwa kasi ya kutisha: asilimia 7 Septemba, 11 Oktoba, 16.5 Novemba, 18 Desemba. Shilingi ikarudi hadi karibu 85 mwishoni mwa mwaka, na walionunua dola kwa 107 wakiamini zitafika 120 wakaungua vidole. Lakini mwenye duka la vipuri Nakuru, aliyekopa kwa riba ya kawaida na hakuwahi kulangua hata dola moja, alijikuta mwaka 2012 akidaiwa riba ya asilimia 20 au zaidi. Hakuna bima ya mkopaji.

Mwaka ule ule shilingi yetu nayo ilitetereka, ikakaribia 1,800 kwa dola mwezi Oktoba. Benki Kuu ya Tanzania ilikaza sera na, miongoni mwa hatua nyingine, ikaubana ukomo wa nafasi wazi za benki kwa kiasi kikubwa. Kufikia mwisho wa mwaka shilingi ilikuwa imerudi chini ya 1,600. Hatusemi ukomo peke yake ulifanya kazi hiyo, kwani riba nayo ilipanda. Lakini wanaodai kwamba ukomo ni urasimu usio na faida wana wajibu wa kueleza kwa nini, joto lilipozidi, ndio uliokuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukimbiliwa.

Marekani ndiko hadithi hii ilikoanzia. Sheria ya mwaka 1933, iliyotungwa baada ya maelfu ya benki kufilisika, ilifanya mambo mawili kwa pamoja: iliunda bima ya amana ya taifa, na ikatenganisha benki zinazopokea amana na biashara ya ulanguzi wa hisa na dhamana. Mambo hayo mawili yalikuwa mkataba mmoja. Umma unakukinga, nawe unaacha kubahatisha. Mwaka 1998 Citicorp na Travelers ziliungana hata kabla sheria haijaruhusu muungano wa namna hiyo, na Novemba 1999 sheria ikabadilishwa kuwafuata. Bima ikabaki. Sharti likaondoka. Hatudai kwamba msukosuko wa 2008 ulitokana na mabadiliko hayo pekee, kwani Lehman Brothers haikuwa benki ya amana za wananchi, lakini baada ya moshi kutulia Wamarekani wenyewe walirudisha sehemu ya ukuta kwa sheria ya Julai 2010, pamoja na kanuni iliyopewa jina la Paul Volcker, ya kuzizuia benki zenye bima kufanya biashara ya kubahatisha kwa akaunti zao.

Wino haujakauka vizuri, mwaka 2012 dawati moja la JPMorgan mjini London likapoteza dola zaidi ya bilioni 6 katika mikataba ambayo benki iliita kinga dhidi ya hasara. Fedha iliyokuwa ikichezewa ilikuwa ni ziada ya amana juu ya mikopo. JPMorgan ina kifua kipana, ikameza hasara ile na mwaka ukaisha kwa faida. Ingekuwa benki ya saizi zetu tungekuwa tunazungumzia ufilisi. Pamoja na funzo hilo, Desemba 2014 kifungu kilichozitaka benki kuondoa aina fulani za mikataba hiyo katika tawi lenye bima kilifutwa karibu chote, kikiwa kimefichwa ndani ya sheria ndefu ya bajeti. Mwaka 2018 benki ndogo ziliondolewa katika kanuni ya Volcker. Ukomo haubomolewi kwa siku moja mbele ya kamera. Huchomolewa tofali moja moja, hasa nyakati za neema ambapo hakuna anayekumbuka kwa nini ukuta ulijengwa.

Turudi kwa wale wenye hoja ya kulegeza, maana tuliahidi. Wanasema benki yenye nafasi finyu haiwezi kumpa mwagizaji mkataba wa kununua dola baada ya miezi mitatu kwa bei ya leo, kwa hiyo mwagizaji anabaki uchi mbele ya soko. Hilo ni kweli kwa sehemu. Mfanyabiashara wa Dodoma anayeagiza mashine ya kukamua alizeti angependa sana mkataba huo. Lakini mkataba wa kumhudumia mteja una upande wa pili: ipo korosho, kahawa, dhahabu, watalii, na mtu mwenye dola anayetaka shilingi. Kazi ya benki ni kuwakutanisha hao wawili na kutoza ada. Inapowakutanisha, nafasi yake haibaki wazi na ukomo haumgusi. Ukomo humgusa yule tu anayebaki na mzigo usio na mteja upande wa pili kwa sababu anangoja bei. Mlanguzi, kwa neno ambalo wazee wa Dodoma wanalikumbuka vizuri tangu msako wa 1983 enzi za Sokoine. Siku hizo walikamatwa na watu wenye masanduku ya sabuni tu, na hatutamani kurudi huko. Tunasema mlanguzi wa soko huria atumie fedha yake.

Wanasema pia kwamba soko letu ni changa na bila walanguzi halina uhai. Kuna ukweli hapa nako. Lakini uhai huo unaweza kutoka kwa kampuni tofauti yenye wenye hisa wake na mtaji wake, isiyopokea amana wala kuchangia mfuko wa bima, ikishinda ijisifu na ikishindwa ifunge mlango. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipofunguliwa Aprili 1998 lilianza na madalali wa aina hiyo, na hakuna mkulima aliyepoteza zabibu kwa sababu yao. Tunadhani benki inayoamini kweli katika ujuzi wa dawati lake itaona haya kukataa pendekezo hilo.

Jambo la mwisho katika hoja hii ni la mahali petu hasa. Baada ya misako ya maduka ya kubadilisha fedha, Novemba 2018 Arusha na mapema 2019 Dar es Salaam, biashara halali ya dola ilibaki karibu yote mikononi mwa benki. Masharti yalikuja kulegezwa mwaka 2023, lakini mfanyabiashara wa mikoani bado, akitaka dola, mlango wake wa kwanza ni benki. Mwenye mlango huo akiruhusiwa pia kuziweka dola kando akingoja bei ipande, anakuwa mwuzaji na mshindani wa mteja wake kwa wakati mmoja. Katika ukame wa dola wa 2023 na 2024 waagizaji wengi walilalamika kusubiri wiki kadhaa. Legeza ukomo katikati ya ukame wa namna hiyo, na foleni itarefuka kwanza kabla ya kufupika, kama itafupika.

Kuna hatari pia isiyo ya dola, nayo inawahusu wawekezaji wadogo walioanza kuzoea hatifungani za Serikali. Machi 2023 Silicon Valley Bank ya California ilianguka kwa siku mbili bila kulangua fedha yoyote ya kigeni. Iliweka amana katika dhamana salama za muda mrefu, riba ikapanda, thamani ya dhamana ikashuka, na wenye amana wakaomba dola bilioni 42 kwa siku moja. Hapa kwetu hatifungani za miaka 25 zilianza kuuzwa Aprili 2021 kwa riba ya asilimia 15.95, na mwenye nayo hadi leo anachekelea. Lakini benki inayokusanya amana za miezi mitatu na kununua karatasi za miaka 25 imebeba bahati nasibu pia, hata kama jina la Serikali limeandikwa juu yake. Ukomo wa dola hauioni hatari hiyo. Ingefaa msimamizi awe na kipimo chake na kipimo hicho kitangazwe kwa umma.

Kwa wakati huu wenye akiba wana mambo ya kufanya bila kusubiri mtu. Viongozi wa vyama vya msingi wa Hombolo na kwingineko wapitishe azimio, kabla ya malipo ya zabibu kuingia, kwamba fedha za mgawo zisikae katika akaunti moja zaidi ya siku chache, na inapobidi zigawanywe katika benki mbili au tatu. Mwenye zaidi ya milioni 7.5 afanye vivyo hivyo. Kila robo mwaka benki hutakiwa kuchapisha hesabu zake magazetini. Tazama mstari wa faida au hasara ya fedha za kigeni, ulinganishe na mapato ya riba ya mikopo. Benki ambayo faida yake ya dola inaruka juu robo hii na kuzama robo ijayo haihudumii waagizaji tu. Kama hukulipata gazeti la siku hiyo, omba hesabu hizo katika tawi lako, na umwulize meneja dola za benki zimewekewa ukomo gani na bodi yake, mbali na ule wa Benki Kuu. Benki nyingine hujiwekea ukomo mkali zaidi kwa hiari yao, na meneja wa benki ya namna hiyo hatasita kukueleza.